Kidonda cha ulimi kisichouma

SWALI: Mume wangu ana miaka 52. Anatafuna tambuu ya tumbaku tangu ujanani, na sigara juu yake. Mwezi mzima sasa ana kidonda ubavuni mwa ulimi. Hakimuumi, basi anasukutua maji ya chumvi tu. Je, tungoje?
Msomaji, Kibokoni, Mombasa

JIBU: Msingoje, dada. Kutouma ndiko kunakowadanganya wengi: saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haina maumivu. Kidonda cha kujiuma au cha jino kali hupona kwa wiki 2 hivi chanzo kikiondolewa. Hiki cha mwezi mzima akione daktari wa meno wiki hii.

Mwambie atoe ulimi penye mwanga wa dirisha, uishike ncha kwa kitambaa safi uuvute pembeni. Kingo zilizoinuka, ugumu ukibonyeza, baka jeupe lisilofutika au, baya zaidi, jekundu kama mahameli: zote ni dalili za hatari. Papasa na chini ya taya, kama kuna tezi ngumu.

Halafu apanue kinywa. Vidole vyake 3 vikiwa wima havipiti kati ya meno? Huenda popoo, ile kokwa ngumu iliyomo kwenye tambuu, imeanza kukakamaza mashavu, na hali hiyo yaweza kugeuka saratani. Watu hulaumu tumbaku peke yake, kumbe popoo husababisha saratani hata bila tumbaku.

Hospitalini watakata kinyama kidogo kwa ganzi, kipimwe maabara. Asikubali kupewa antibiotiki kozi baada ya kozi bila kipimo hicho. Na tambuu na sigara aziache leo, asingoje majibu.