Usiweke CY2305 kwenye SPI, itoe kwenye oda

Mkuu, ifute hiyo CY2305 kwenye oda yako sasa hivi, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Umesema una masta mmoja (chipu inayoongoza) wa 3.3V kwenye SPI, yaani njia ya waya ya kupeana data kati ya chipu, bodi nne za sensa, SCK (waya wa mapigo) ya 8 MHz, na unatafuta chipu ya kugawa mapigo. Tuongee chipu, hapo ndipo pesa inapozama.

CY2305 ni bafa, yaani chipu inayopokea pigo moja na kuligawa kwenye waya kadhaa, lakini ina PLL ndani. PLL haipitishi pigo lako. Inatengeneza mapigo yake yenyewe, kisha inayavuta mpaka yaende sambamba na yanayoingia. Kwa hiyo inataka mdundo usiokatika, tena wa 10 MHz kwenda juu. Wewe una 8, umeshafeli mlangoni. Hata ukipandisha hadi 20 ni kazi bure, kwa sababu SCK inabisha hodi tu: mapigo manane, kimya, mapigo manane, kimya. Kwa 20 MHz baiti moja inaisha ndani ya nanosekunde 400, wakati PLL imeruhusiwa hadi milisekunde 1 kushika mdundo. Masta ameshaongea na kuondoka, chipu bado inavaa viatu. Mapigo yakikosekana kabisa inajizima na kuyaacha matokeo yake (pini za kutolea mapigo) yaelee, basi SCK za bodi zote nne zinaokota kila kelele inayopita.

Kinachouma ni kwamba mezani inakudanganya. Ilishe 20 MHz mfululizo kutoka kwenye jenereta ya mawimbi, oskiloskopu itakuonyesha mistari minne imenyooka kama gwaride la Uhuru. Unaridhika, unaagiza bodi 30, unachoma solda. Ada ya somo hilo nimelipa mimi, na yule muuzaji wa Kariakoo aliyeniambia "bafa ni bafa tu kaka, zote zinagawa" bado ananiita mteja wake. Ana haki, nilinunua mara mbili.

Fungua datashiti, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la masafa. Kima cha chini kikiwa chochote zaidi ya 0 Hz, achana nayo. Ukikuta wametaja muda wa PLL kujifunga, yaani kushika mdundo, achana nayo hata ukipewa bure. CDCLVC1104 nayo ni bafa ya kloku, lakini haina PLL na inaanzia sifuri hadi 250 MHz. Hiyo ruksa.

Kwako 74LVC244A moja, bafa isiyo na PLL, inatosha. Maingizo manne ya kundi la kwanza yafunge pamoja kwenye SCK, manne ya pili kwenye MOSI (waya wa data inayotoka kwa masta), ili zote zichelewe sawa. Pini 1 na 19 ziende graundi. Kapasita ya 100 nF ikae ubavuni mwa pini 20. Kila tokeo lipate rizista ya 33 ohm pale pale kwenye chipu, si mwisho wa waya; ukiiacha, ukingo mkali unagonga na kurudi, bodi inahesabu pigo moja mara mbili na data yote inahama biti moja. (Na mnaotumia I2C, njia nyingine ya data, msinifuate: waya wake wa data, SDA, unakwenda na kurudi, bafa ya njia moja inaua majibu.)

Kabla ya solda, masta atume baiti moja, 0xA5, alale milisekunde 10, arudie. Shika tokeo la SCK kwa oskiloskopu, uhesabu mapigo. Yakiwa manane kila safari, choma. Yakiwa saba, tisa au wingu la kelele, rudi kwenye jedwali uitafute ile 0 Hz.