Muulize Fundi: Reli Inayopanda Wima Kule Southend

*Shikamoo Fundi. Mwezi wa saba, Mungu akijalia, naenda Uingereza kumtembelea binti yangu anayeishi Southend. Mjukuu wangu ana miaka 12 na ameshanipigia simu mara tatu: "Bibi, lazima tupande Rage." Akanitumia na video ya hiyo rola kosta. Kigari kinapanda wima kama mjusi ukutani, kikifika juu kinaanguka kwa kujikunja ndani, halafu kinapinduka na watu wake. Niliangalia mara moja nikaiweka simu chini. Nina miaka 54 na nameza dawa za presha. Mtoto sitaki kumvunja moyo. Kitu gani kinakizuia kisichomoke? Na mimi nipande, nisipande?*
— Bibi wa Tanga

Marahaba, bibi. Nianze na la presha, maana hilo halingoji. Usipande mpaka daktari anayekupa dawa akuambie kwa mdomo wake kwamba unaweza. Mwulize kabla hujasafiri. Mweleze kwamba mashine hii inamwangusha mtu kutoka mita 22, mwendo kama kilomita 70 kwa saa, asije akadhani unasemea bembea ya watoto. Akikataa, basi. Mke wangu ana mgongo mbovu. Siku tuliyokwenda sisi alikaa benchi na mikoba yetu, na leo ndiye anayeisimulia safari ile vizuri kutushinda tuliopanda, kwa kuwa yeye aliiona yote.

Sasa la kuchomoka. Nimefunga na kutengeneza lifti Mombasa kwa miaka 26, na niliposimama chini ya Rage nilichokiona kwanza ni njia ya lifti isiyo na kuta. Bustani ile ya michezo, Adventure Island, imebanwa ufukweni, huku na huku ya gati la Southend, lile linaloingia baharini zaidi ya kilomita mbili. Mahali pa kutandaza kilima cha reli cha kupanda taratibu hapapo. Kwa hiyo mwaka 2007, pale palipokuwa na mchezo wa magogo ya majini, wakasimamisha mtambo wa kampuni ya Gerstlauer ya Ujerumani, unaopanda nyuzi 90 kamili. Watu hudhani ule wima umewekwa kutisha. Kutisha kumo, lakini kwanza ni habari ya kiwanja: ukikosa ardhi, unakwenda juu, kama sisi na majengo yetu ya mjini.

Chukua mpini wa ufagio uukamate kwa mkono mmoja, barabara. Mkono utateleza mbele na nyuma, lakini jaribu kuutoa kwa juu au kwa ubavuni bila kufungua vidole. Hautoki. Kigari kinalishika bomba la reli namna hiyohiyo: kuna magurudumu yanayokanyaga juu, kuna ya ubavuni, na kuna yanayopita chini ya bomba. Haya ya chini Mmarekani John Miller aliyapatia hataza mwaka 1919, na ndiyo yanayokufanya upinduke kichwa chini na kigari kisiiache reli. Pale juu reli inashuka kwa nyuzi 97, yaani imepita wima kwa nyuzi saba na inarudi ndani, chini ya pale ulipokuwa umekaa. Magurudumu hayajali. Tumbo lako ndilo litakalojali, kwa sababu wewe na kiti mnaanguka pamoja na kiti hakikubebi tena.

Kupanda ndiko kugumu kuliko kushuka, nakuambia kweli. Unalala chali kabisa, viatu vyako viko mbele ya macho, nyuma ya viatu ni mbingu na shakwe wa baharini, na mgongoni unausikia mnyororo ukivuta. Safari ya kwanza nilifanya kosa: ufundi ulinituma niinamishe shingo nichungulie pale juu mnyororo unapoishia. Kigari kikaanza kushuka ghafla, kichwa kikarudi nyuma kwa kishindo, na shingo ikaniuma siku mbili. Safari ya pili nilikigandamiza kichwa kwenye kiti tangu chini, nikashuka mzima. Mfundishe hilo mjukuu wako hata kama wewe hupandi.

Na usipopanda, usijifiche mbali. Mwambie ainue mkono akifika juu. Utamwona.

*Fundi, je, kikikwama katikati ya njia? Umeme wetu unajua mwenyewe.*
— Msomaji wa Voi

Ndugu yangu, mwaka 1854 huko New York Elisha Otis alipanda jukwaa lililoning'inia, akaamuru kamba ikatwe mbele ya watu. Jukwaa likashuka kidogo likanaswa na meno ya pembeni. Fikra ile ndiyo iliyomo kwenye lifti zote nilizofunga, na rola kosta zimeundwa kwa fikra hiyo: mnyororo una vizuizi vya kutorudi nyuma, na njia imegawanywa vipande ambavyo kompyuta hairuhusu vigari viwili viwe ndani ya kimoja. Ikihisi kasoro, inasimamisha. Kwa hiyo kusimama ni ulinzi umefanya kazi yake, ingawa aliyening'inia hatakubali kwa urahisi.

Ukikwama, kaa. Usiguse kile chuma kinachokubana, ongea na jirani yako, wahudumu watakuja na njia yao ya kuwashusha. Mimi nimewatoa watu wengi sana kwenye lifti zilizokwama. Walioumia ni wawili tu, na wote wawili walijaribu kutoka wenyewe kabla sijafika.