Maswali Yenu: protoc haioni faili iliyo palepale

SWALI: Nina oda.proto na mteja.proto ndani ya folda moja, proto/duka. Kwenye oda.proto nimeandika import "mteja.proto", lakini protoc (programu ya Protocol Buffers inayogeuza faili za .proto kuwa msimbo) inadai faili haipo. Kosa liko wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, protoc haianzi kutafuta pale oda.proto ilipo. Huanzia njia uliyoitaja kwa -I. Usipoitaja, huanzia folda uliyomo. Badilisha iwe import "duka/mteja.proto", kisha ukiwa kwenye folda iliyobeba proto:

mkdir -p gen
protoc -I proto --python_out=gen proto/duka/oda.proto proto/duka/mteja.proto

Usiruke mkdir, kwani protoc haiundi folda ya gen. Taja faili zote mbili pia: iliyoingizwa kwa import tu haizalishiwi msimbo.

Linaloumiza zaidi, na wengi hulichelewa, ni namba za sehemu (field) za message, yaani muundo wa data unaouandika kwenye faili ya .proto. Ukifuta sehemu namba 4, andika reserved 4; ndani ya message hiyo. Ukiipa sehemu mpya namba ileile, data ya zamani itasomwa kwa maana isiyo yake, mara nyingine bila kosa lolote kuonekana. Namba 1 hadi 15 huchukua baiti 1 pamoja na aina yake. Zitunzie sehemu zinazotumika sana.