Chukua D-Max, lakini trela iwe na breki

Boss, umeuliza kati ya pikapu za Toyota Hilux na Isuzu D-Max ni gani itavuta trela ya ng'ombe toka Nakuru mpaka Kisumu na wikendi ibebe mama na watoto watatu. Mimi ningechukua D-Max ya 3.0 dabo kebini, ile injini ya 4JJ1 inatumia cheni ya taimingi sio belti, na fundi wa kuijua hukosi hata ukiharibikiwa Ahero huko. Hilux ni nzuri sikatai, ila jina pia unalilipia.

Shida iko kwa trela bana. Wanakwambia inavuta tani 3.5 lakini hiyo ni trela yenye breki zake, isiyo na breki ni kilo 750 tu, na Friesian mmoja mzima anapita 500 kabla hujapima chuma. Mimi nilijifanya mjuaji nikateremka toka Kericho na trela bila breki, gia ya juu, mguu kwa pedali njia yote, kufika chini magurudumu yanafuka moshi na watoto wameziba pua. Siku hizi naingiza gia ya 3 nikiwa bado huko juu.

Gari ikiwa tupu springi za nyuma zinarusha sana, tupia magunia mawili ya mahindi uone vile itatulia.