Muuza msamaha wa Chaucer nilimkuta uwanjani, Griselda bado sijamkuta

Mkuu umeuliza kama wahusika wa fasihi ya zama za kati, wale wa Ulaya ya miaka ya 1300 huko, bado wanamgusa mtu wa leo popote alipo au ni vitu vya kukariri tu kwa ajili ya mtihani, na karibu wote waliojibu wamekupa jibu la darasani kwamba binadamu ni yule yule, tamaa ni ile ile, kwaiyo mhusika mzuri hazeeki. Mi nimefundisha fasihi kidato cha tano na cha sita miaka 11 hapa Tanga na hilo jibu nilikuwa nalitoa na mimi. Saivi silitoi tena. Wapo wanaoishi, wapo waliokufa kabisa, na sababu ya huyu kuishi na yule kufa sio hiyo tuliyofundishwa. Nisome mpaka mwisho, ni ndefu kidogo.

Niongelee kitabu kimoja ninachokijua vizuri, Hadithi za Canterbury za Geoffrey Chaucer. Kwa ambao hawajakisoma, ni kundi la mahujaji kama 29 hivi wanakutana kwenye nyumba ya wageni Southwark, upande wa pili wa mto na London, wanaenda kuhiji kwenye kaburi la Mtakatifu Thomas Becket kule Canterbury, na mwenye nyumba ya wageni anawaambia ili safari isiwe ndefu kila mtu apige hadithi. Chaucer alianza kuiandika kama 1387 akafa 1400 hajaimaliza, zimebaki hadithi 24. Na kitu ambacho huwa nawaambia wanafunzi kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza ni kwamba huyu bwana kuanzia 1374 mpaka 1386 alikuwa mtu wa ushuru bandarini London, anasimamia manyoya ya kondoo na ngozi, na masharti ya kazi yalikuwa aandike hesabu kwa mkono wake mwenyewe. Sasa mtu aliyekaa bandarini miaka 12 anaangalia wafanyabiashara wanavyodanganya uzito, huyo hawezi kukuandikia malaika.

Kitabu chenyewe hakipo kwenye silabasi yetu. Nilikuwa nakisoma na darasa la HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) Ijumaa jioni, mimi naeleza kwa Kiswahili, wao wana fotokopi mbovu. Siku tuliyofika kwa yule muuza msamaha ndio naikumbuka kuliko zote. Kwa asiyemjua, kazi yake ni kuzunguka vijijini na barua zenye mihuri ya Papa, anauza rehema, unatoa pesa unapunguziwa adhabu ya dhambi. Kwenye mkoba ana foronya anayosema ni shela ya Bikira Maria, ana kipande cha tanga la mashua ya Mtakatifu Petro, ana kichupa cha mifupa ya nguruwe ambacho watu wanaambiwa ni ya mtakatifu. Na mwenyewe anawaeleza wenzake njiani bila kuficha kwamba ni uongo na kwamba anachukua hata kwa mjane maskini kuliko wote kijijini, hata kama watoto wake watalala njaa.

Lakini kilicholinyamazisha darasa ni ule ujanja wake. Anasimama mbele ya watu anawaambia hivi: kama kuna mtu humu ndani ana dhambi ya kutisha ambayo anaona aibu kuiungama, au mwanamke aliyemsaliti mumewe, huyo hatapewa nguvu wala neema ya kuja mbele kutoa sadaka kwenye masalia haya, ila aliye safi aje. Soma tena taratibu. Nani atabaki amekaa? Ukibaki umejitangaza. Kijiji kizima kinanyanyuka.

Binti mmoja wa nyuma akasema, ticha, huyu ndo yule wa uwanjani. Hakuna aliyeuliza yupi.

Na mimi nilikuwa namjua. Nimemaliza form six nasubiri matokeo, nilienda mkutano wa jioni uwanjani, nina shilingi elfu kumi, yote ya nauli ya kurudi na ya chumvi na sabuni niliyotumwa na mama. Mhubiri, simtaji na wala sio lazima, akasema kuna mtu hapa ana laana ya zinaa, miguu yake itakuwa mizito, hataweza kuja kupanda mbegu. Wallahi nilihisi miguu ikiwa mizito kweli, sio kwa laana, kwa hofu ya aliyekaa nyuma yangu. Nikaenda. Nikatoa yote. Nilitembea usiku ule mpaka nyumbani na sikumwambia mama kwa miaka. Sasa miaka kadhaa baadae niko chuo nasoma mistari ile ile imeandikwa na mtu wa bandarini London aliyekufa mwaka 1400, nilifunga kitabu nikatoka nje ya maktaba nikasimama tu.

Kwaiyo ndio, anaishi. Ila angalia anaishi wapi. Kule Ulaya biashara ya rehema ndio ilimfanya Martin Luther, yule mtawa wa Ujerumani, atoke na hoja zake za kuipinga 1517, na 1567 Papa Pius wa Tano akafuta rehema zote zinazohusisha malipo. Kazi ya yule bwana ilikufa. Msomaji wa kule leo inabidi aelezwe kwa maelezo ya chini ya ukurasa kwamba kulikuwa na watu wa aina hii na walifanya hivi na hivi. Wanafunzi wangu hawakuhitaji maelezo. Sio kwamba wao ni werevu zaidi wala sio kwamba Chaucer alimwandikia mtu wa Tanga, ni kwamba huku wokovu bado unauzwa, kuna mafuta, kuna maji, kuna bei. Palipo na soko la kitu kile, mhusika anafufuka. Soko likifungwa analala kwenye kitabu. Hicho ndicho ninachokiamini saivi, na ndio maana neno "wa watu wote" silipendi, linaruka hiyo hatua.

Kuna jambo jingine lilitokea kipindi kile kile. Hadithi anayoitoa yule muuza msamaha ni ya walevi watatu wanaokwenda kumtafuta Mauti wamuue, wanakutana na mzee ambaye anatamani kufa ila Mauti hamtaki, anatembea anagonga ardhi na fimbo yake anasema mama yangu mpenzi nifungulie niingie (hapo mama ndio ardhi, mi huwa sipiti hapo bila kumkumbuka babu yangu siku zake za mwisho), mzee anawaelekeza chini ya mwaloni, wanakuta rundo la sarafu za dhahabu. Mdogo anatumwa mjini kununua mkate na mvinyo. Anapita kwa muuza dawa anaomba sumu ya panya, anaazima chupa tatu za mvinyo, sumu anaweka kwenye mbili, ya tatu anaiacha safi ya kwake. Akirudi wale wawili wanamchoma kisu kama walivyopanga, halafu wanakaa kunywa.

Kabla sijamaliza binti wa Kiislamu akanyoosha mkono, mwalimu hii tumesoma madrasa, ni ya Nabii Isa. Na ni kweli kabisa. Ipo kwenye kitabu cha Ihya cha Imamu Ghazali aliyefariki 1111, miaka karibu mia tatu kabla ya Chaucer kufa: Nabii Isa na yule mwenzake wa safari aliyechukua mkate wa tatu akakana, mchanga ukageuzwa dhahabu, jamaa akabaki nayo, wakaja wawili, mmoja katumwa kununua chakula akatia sumu, wakamuua, wakala, wakafa wote pale pale pembeni ya dhahabu. Na India kwenye hadithi za Jataka za Wabudha ipo na ni ya zamani zaidi.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya, wanachukua hadithi wanaiita mhusika. Hadithi inasafiri yenyewe, inapita jangwa inapita bahari, haina mwenyewe. Wale walevi watatu hawana hata majina. Alichofanya Chaucer ni kuichukua hadithi ya kukemea tamaa akaiweka mdomoni kwa mtu mwenye tamaa kuliko wote msafarani, ambaye ameshasema wazi kwamba anaitumia kuchuma, na bado akimaliza anajaribu kuwauzia rehema wale wale aliowaambia siri yake. Hiyo ndiyo kazi ya mhusika.

Sasa waliokufa. Griselda. Msichana maskini anaolewa na mtawala anaitwa Walter, Walter anataka kumpima utiifu, anamnyang'anya binti yake anamwambia anaenda kuuawa, anamnyang'anya na mtoto wa kiume, anamrudisha kwa baba yake na nguo ya ndani tu, halafu anamwita aje apange nyumba kwa ajili ya harusi ya mke mpya, na Griselda kila hatua anasema sawa bwana wangu. Mwandishi wa Italia Boccaccio aliiandika, Mwitaliano mwenzake Petrarca akaipenda akaigeuza Kilatini, Chaucer akampa yule msomi wa Oxford aisimulie. Enzi hizo ilikuwa maarufu kweli kweli. Darasa langu lilichachamaa. Wavulana nao. Mmoja akasema huyu sio mwanamke huyu ni mfano, na nadhani hakuna mhakiki aliyewahi kuniambia sentensi nzuri kuliko hiyo. Msomi mwenyewe mwishoni anakiri kwamba hakuisimulia ili wake wamuige Griselda, ni fundisho la uvumilivu mbele ya Mungu. Sawa, lakini basi alijengwa kubeba fundisho, na watu walipoacha kulihitaji fundisho kwa namna ile hakubaki na kitu. Hana kazi, hana uongo hata mmoja, hujui hata anapenda kula nini.

Na yule mkuu wa watawa wa kike, mpole, anayelilia panya akinaswa kwenye mtego, hadithi yake ni ya Wayahudi wanaomuua mtoto Mkristo kwa sababu anaimba. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290, yaani wasikilizaji wa Chaucer karibu miaka mia hawajawahi kuishi nao, na chuki bado inapikwa na kuandaliwa mezani. Nilipofika hapo niliwaambia wanafunzi hatutaikwepa tutaisoma, ila tusije tukasema hii ni ya binadamu wote, kuna binadamu imewekwa ili kumuumiza. Tulikaa na hiyo kwa vipindi viwili.

Kwetu je? Umemtaja Fumo Liyongo kwenye swali lako kama mfano wa shujaa wa kale. Utenzi tunaousoma uliandikwa na Muhammad Kijumwa 1913 ila Liyongo mwenyewe ni wa miji ya kale ya mwambao, na wanafunzi nikiwauliza wanakumbuka nini, hawasemi urefu wake wala nguvu. Wanasema mkate. Kafungwa mji wa Pate, anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake, mama anapika mkate mzuri na mkate wa wishwa, ndani ya ule wa wishwa anaficha tupa ya kukatia pingu, kwa sababu anajua askari watakula mzuri na makapi watamsukumia mfungwa. Kila mtu aliyewahi kupeleka chakula rumande anamwelewa yule mama kabla hujamaliza sentensi. Shujaa mkubwa vile na aliyebaki vichwani ni mama mwenye akili ya jikoni.

Nimalizie na mwanamke wa Bath, hujaji mwingine wa Chaucer, kwa sababu naye umeuliza. Alisoun, mfumaji nguo, Chaucer anasema kwa ufumaji anawazidi hata wa Ypres na Ghent, miji iliyosifika kwa nguo, kaolewa mara tano, mara ya kwanza ana miaka 12, kaenda Yerusalemu mara tatu, na mara tu anapotajwa tunaambiwa ni kiziwi kidogo, bahati mbaya, basi, sababu huambiwi mpaka usome mamia ya mistari mbele. Mume wa tano, Jankyn, msomi wa miaka 20 yeye ana 40, kila usiku anamsomea kitabu cha wake waovu, Hawa, Delila, wote. Alisoun anauliza simba ni nani aliyemchora, yaani kwenye picha simba anashindwa kwa sababu mchoraji ni mtu, maana wangekuwa wanawake ndio wanaandika habari zingekuwa nyingine. Usiku mmoja anachoka, anachana kurasa tatu, anampiga ngumi mume anaangukia motoni, mume anainuka anampiga kichwani, sikio linakufa.

Darasani walicheka ile idadi ya waume na tukabishana sana. Likizo nikamsimulia mama yangu. Mama ni fundi cherehani, katusomesha na cherehani. Alisikiliza huku anashona, waume watano hakuwauliza hata mmoja. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Huyo ana kazi yake." Nikaendelea mpaka kwenye kile kitabu. Akasimamisha cherehani.

"Na kitabu walikifanyaje?"

Nikamwambia alimlazimisha mumewe akichome pale pale.

"Na sikio?"

"Halikupona mama."

"Najua," akasema, akageuza kitambaa upande wa pindo, akaanza kukanyaga tena.