Wadogo zangu wa fildi, hilo neno "wamefikiwa" mnaniudhi nalo

Juzi kwenye kikao cha robo mwaka pale Uyole nilikaa nyuma kabisa karibu na chupa za chai, namsikiliza kijana wetu mpya anapresenti. Slaidi safi, rangi safi, halafu chini kwa maandishi manene: WATOTO 380 WAMEFIKIWA. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Nilitaka kuuliza kitu kimoja tu, wamefikiwa wakafanywaje? Maana hata daladala ya Mwanjelwa inafikia watu kila siku. Ila bosi alikuwepo, mfadhili alikuwa hewani kutoka Ujerumani, nikalimeza swali pamoja na kitumbua changu.

Sasa nalitapika hapa. Najua nikigeuka mnaniita Mama Ritayamenti, yaani mdai risiti, nasikia, wala sijanuna. Nina miaka 16 kwenye hizi kazi za watoto, Chunya, Mbarali, Makete, mashirika matatu yote yanaishi kwa hela za watu wa nje, na kila kosa mnalolifanya nimelifanya kabla yenu, mengine mara mbili.

1. Ada. Kwenye bajeti mbili za mwaka huu nimekuta mstari umeandikwa "ada ya shule ya msingi", shule yenyewe ya serikali. Jamani! Ada ya msingi ilifutwa toka mwanzoni mwa miaka ya 2000, halafu Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ukafuta mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na 2022 wakaongeza cha tano na cha sita. Mfadhili akigugo tu anaona, na akishaona hata yale ya kweli mliyoandika hayaamini tena. Mtoto wa kijijini huku anakwama kwenye sare, viatu, madaftari, mchango wa mahindi na maharage ya chakula cha mchana, na hosteli kama sekondari ya kata iko vilima vitatu kutoka kwao. Andikeni hivyo hivyo, kitu kwa kitu. Na mkisikia mtu anasema "si elimu ni bure", mwambieni ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kwa mwanafunzi wa msingi ni 10,000 kwa mwaka mzima, agawe mwenyewe kwa miezi.

2. Viatu. Mkipima miguu Januari na viatu vikaja Juni, agizeni namba moja juu, miguu ya watoto haisubiri manunuzi. Nimegawa viatu jozi 90 Mbarali halafu nusu ya watoto wakavivaa kama kandambili, wamekanyaga kisigino, na mimi napiga picha kwa mbele tu ili kisigino kisionekane. Hiyo picha ilitumika kwenye kalenda.

3. Rufaa, ile karatasi ya kumtuma mgonjwa hospitali, siyo huduma. Hii ndiyo imenikalisha kuandika, hizo mbili za juu nilikuwa nasafisha koo.

Mwaka ule tulifanya siku ya upimaji kwenye kata moja ya Makete, siitaji. Tulienda na Land Cruiser mbili, hema, madaktari wawili wa kujitolea kutoka nje, kliniko ofisa (tabibu) tuliyemuazima zahanati, na fulana 60 za kijani zenye nembo. Ilikuwa Julai, na Julai ya Makete mnaijua, watoto wamejifunika vitenge vya bibi zao, kamasi zinatiririka, mashavu yamepasuka kwa baridi, na sisi tunapiga picha ya foleni maana foleni ndefu inapendeza kwenye ripoti. Mimi nilikaa meza ya mwisho na daftari la takwimu. Lilikuwa na safu nne, amepimwa, amepewa dawa, amepewa rufaa, na ya mwisho "amehudumiwa". Hiyo ya mwisho niliibuni mwenyewe na niliionea fahari. Ukipata tiki popote huku nyuma, na kule unapata. Aliyepewa dawa na aliyepewa karatasi kwangu walikuwa sawasawa.

Akaja binti mmoja na bibi yake, miaka nane, darasa la pili. Masikio yote yanatoa usaha, la kushoto zaidi. Daktari akachungulia, akauliza limeanza lini, bibi akasema toka mavuno ya mwaka juzi. Sikio likitoa usaha zaidi ya wiki mbili siyo lile la mafua tena, ngoma imetoboka, linataka likaushwe kwa kitambaa safi mara kadhaa kwa siku, matone ya antibayotiki wiki mbili, na mtu wa kuliangalia tena. Matone hatukuwa nayo. Tulikuwa na dawa za minyoo makopo kwa makopo, kwa sababu hizo ndizo tulizochangiwa. Daktari akaandika rufaa, akagonga muhuri, mimi nikamkabidhi bibi ile karatasi kwa mikono miwili kama cheti cha ubatizo. Akasema ahsante sana mwanangu, Mungu akubariki. Tiki.

Ripoti ikatoka, watoto 412 wamehudumiwa. Mwezi wa kumi nikapandishwa cheo, sitanii.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, nikarudi kata ileile kwa mambo ya madawati. Mwalimu wa darasa la pili akawa ananionyesha watoto wake wagumu, akafika kwa mmoja, akasema huyu amekariri darasa, hasikii, ukimwita anakutazama tu, mkaidi, nimechapa mpaka nimechoka mimi. Alisema hayo mtoto yupo mbele yetu, na mtoto anatabasamu, maana hakuna alichosikia. Ningependa kuwaambia niliikumbuka sura yake. Sikuikumbuka. Nilikumbuka harufu, yale masikio yana harufu yake ukishakaa nayo meza moja huisahau.

Jioni nikaenda kwa bibi. Hodi, kamwene, akanikaribisha jikoni kwenye moto, akanipa viazi na chai ya rangi. Nikauliza kwa sauti ya chini, bibi, ile hospitali mlienda? Akafungua fundo la khanga akatoa karatasi, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuachana, muhuri wetu bado unasomeka. Akasema, "Nilikuwa nawasubiri."

Mnaelewa? Kwake ile karatasi ilikuwa ahadi kwamba tutarudi kumchukua mtoto. Na kwa nini asielewe hivyo, watu wamekuja na magari mawili, wameandika jina la mjukuu wake, kitongoji chake mpaka namba ya simu ya jirani, wamempa karatasi yenye muhuri, mtu yeyote mwenye akili timamu anajua hawa wanarudi. Niliyejua kwamba haturudi ni mimi.

Nikapiga hesabu palepale, kiazi mkononi. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, kulala siku mbili, kumuona daktari na dawa, isingefika 150,000. Mtoto ameshapita miaka mitano kwa hiyo ule msamaha wa watoto wadogo haumhusu tena, na CHF, ile bima ya afya ya jamii iliyokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, bibi hajakata, anaitoa wapi na ana wajukuu wanne ambao wazazi wao wote wako makaburini, Makete mnaijua historia yake ya ukimwi. Halafu nikakumbuka fulana. Fulana 60 kwa 12,000 ni 720,000. Nilipotoka nje nikaikuta moja, kijana wa jirani anafutia pikipiki.

Tulimpeleka, kwa hela ya mfukoni kwangu, kwa sababu kwenye bajeti hakukuwa na kasma ya kufuatilia rufaa, hakuna aliyeiwazia, na mwandishi wa bajeti alikuwa nani? Sikio la kulia lilikauka na anasikia nalo vizuri tu. La kushoto tulichelewa. Mwalimu akamhamishia dawati la mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio la kulia ndilo lielekee kwa wenzake na ubao. Halafu akamuomba mtoto radhi mbele ya darasa zima. Mimi sikuomba radhi. Mimi nilimnunulia soda.

Kwa hiyo karatasi ya rufaa isitoke mezani kwenu bila nauli, bila namba ya mtu wa kumpokea kule, na bila muhudumu wa afya wa kitongoji kukubali kwa mdomo wake kwamba atakwenda kuuliza ndani ya wiki mbili. Hela haitoshi? Pimeni watoto 40. Mfadhili akilalamika kwamba ni wachache nipeni simu niongee naye, kijerumani sijui lakini tutaelewana.

4. Barua za watoto kwa masponsa, wale wafadhili wa mtoto mmoja mmoja. Msiandike mfano ubaoni. Nilifanya hivyo mara moja, nilikuwa na haraka, gari inasubiri na mvua imetanda, nikaandika "Napenda mpira, wali na hesabu", watoto 43 wakanakili mpaka nukta. Kumbe huko Ujerumani masponsa wawili ni dada na mdogo mtu, wanaishi mtaa mmoja, wakakutana kwa kahawa wakasomeana. Barua iliyokuja kutoka kwao ilikuwa ya heshima sana, na heshima ile inachoma kuliko tusi. Toka hapo namuacha mtoto aandike anachotaka, kuna mmoja wa Rungwe aliandika ukurasa mzima kuhusu ng'ombe wao tu, na sponsa wake mpaka leo akiandika anaanza kumsalimia ng'ombe. Ndaga fijo (asante sana) kwa yule ng'ombe, amelipia mahitaji ya kidato cha tatu na cha nne.

5. Msiwauzie wageni hadithi ya njaa. Akishuka Iringa anaona mahindi, viazi, maparachichi barabarani, halafu wewe unamwambia watoto hawana chakula, atakuona tapeli. Mwambie ukweli ambao ni mgumu zaidi, kwamba utafiti wa afya wa 2022 ulikuta Iringa asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, mkoa wa kwanza nchini, wakati taifa zima ni asilimia 30. Chakula kipo, kinapanda lori. Mama yuko shambani toka alfajiri, mtoto kaachiwa uji mweupe wa mahindi na dada yake wa miaka sita, asubuhi uji, mchana uji. Hapo ndipo muombe hela ya kazi ya kweli, siyo ya biskuti.

6. Mengine ya harakaharaka. Cheti cha kuzaliwa ulizieni siku ya kwanza ya kumsajili mtoto, maana ule mpango wa kuwapa cheti watoto wa chini ya miaka mitano ulianzia hapahapa Mbeya 2013 na bado kila mwaka nakutana na mwanafunzi wa darasa la saba hana. Fomu ya ridhaa ya picha isomwe kwa sauti, kwa lugha anayoielewa mlezi, msimpe kalamu tu. Mtendaji wa kijiji asisikie habari zenu kwa mtu mwingine. Risiti ya bodaboda haipo, kwa hiyo andika namba ya simu ya dereva na asaini, usije kunililia mwezi ukifungwa.

Na wewe wa slaidi, usinune, slaidi zako nzuri kuliko zangu zote. Ila nimefungua kiambatisho chako, ukurasa wa mwisho kabisa, wapo watoto 27 umeandika "rufaa" halafu pembeni pamebaki patupu. Jumatatu gari ya Makete inatoka ofisini saa kumi na moja alfajiri. Njoo na majina yao, na sweta.