Usimmiminie maziwa kwa kusikiliza upepo

Dada, umeuliza mwanao alishwe kwa mpira wa puani au wa tumboni, yaani mrija wa kupitishia maziwa hadi tumboni. Hilo nitaligusa chini. Kwanza huyo mama jirani, muuguzi mstaafu, aliyekuahidi kwamba mpira ukichomoka ataurudisha hapo nyumbani, apulize upepo kwa sirinji na kusikiliza tumboni kwa stetoskopu, kisha umlishe. Mkatalie. Mkatalie leo, hata kama unamwonea haya.

Na sisi tulifundishwa hivyohivyo na mhudumu wa zahanati ya mtaani: "Mkisikia upepo unaunguruma, mpira upo tumboni." Mwanangu ana mtindio wa ubongo kama wako, hata mate yalikuwa yanampalia. Usiku mmoja alitapika. Asubuhi upepo ukasikika vizuri kabisa, maziwa yakamiminwa, kumbe mpira ulishapanda. Jioni mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, tukakimbilia hospitali, akawekewa oksijeni. Nimonia. Daktari akatueleza kwamba ngurumo hiyo husikika hata ncha ikiwa kwenye umio au mapafuni, maana kifua cha mtoto ni kidogo na sauti husafiri. Yule mhudumu alilisema kwa uhakika wote, na mpaka leo nina hasira naye. Mtu asiyejua aseme hajui, hapa ni mapafu ya mtoto!

Tena usisubiri akohoe ndipo ushtuke. Wengi wa watoto wetu chakula huingia njia ya hewa kimyakimya, hawakohoi wala hawalii.

Shika hili: vuta, pima, ndipo umimine. Kila mlo, kila dawa, na kila baada ya kutapika au kukohoa sana. Vuta majimaji kidogo kwa sirinji, dondoshea kwenye karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha asidi: majimaji ya tumboni yana asidi nyingi, namba huwa ndogo. Ikisoma 5.5 au chini, lisha. Ikizidi, au usipopata kitu, mlaze ubavu wa kushoto, subiri kama robo saa, vuta tena. Bado? Hakuna kulisha, rudi hospitali wakampige eksirei. Litmasi ile ya maabara za shule haifai, haitofautishi vya kutosha. Kama anatumia omeprazoli mwambie daktari mapema, kwa sababu hupunguza asidi na namba hupanda. Weka pia alama ya kalamu kwenye mpira pale unapoingia puani. Alama ikisogea, usimimine.

Kuhusu swali lako: wa puani ni wa muda. Ikionekana ataendelea kulishwa kwa mpira zaidi ya wiki 4 hadi 6, madaktari huanza kuzungumzia gastrostomia, yaani upasuaji wa kuweka mpira moja kwa moja tumboni. Usiuogope kwa maneno ya mtaani kwamba hatajifunza kula tena. Mtaalamu wa kumeza akiridhia, bado anaweza kuonjeshwa kwa mdomo. Ila mpira huo wa tumboni ukichomoka wahi hospitali siku hiyohiyo, tundu huanza kuziba ndani ya saa chache. Uji mzito usiupitishe kwenye mpira wa puani, mpira utaziba.

Umesema mnaruhusiwa Ijumaa. Kabla hamjatoka, mwombe nesi wa wodi akusimamie ukivuta na kupima kwa mikono yako mwenyewe, na baba yake mtoto naye afanye. Karatasi za pH ziwe kwenye mkoba kabla hamjapanda bajaji.